Kambare Hakuulizwa

Wa kwanza kujua alikuwa Kambare. Macho yake si makali, lakini ana ndevu, na ndevu za kambare humwambia mengi kuliko macho yanavyomwambia tai. Maji yakivuka mwamba wa Ng'iriama, pale yanapotoka kwenye kinamasi cha Ihefu na kuanza kushuka, yeye huyasikia mwilini kabla hayajamfikia. Mwaka mmoja alihisi mkondo umepungua, kidogo tu, kama kamba iliyokatika uzi mmoja. Mwaka uliofuata ukakatika uzi mwingine. Akapanda juu, akavuta pumzi, akamkuta Bibi Kiboko amejilaza, pua tu ndiyo iko nje.

"Shikamoo, bibi. Maji yamekonda."

"Marahaba, mjukuu wangu. Maji hukonda kiangazi, masika yakanenepa. Nenda kalale."

Kambare akarudi kwenye tope lake. Hakusema tena. Katika mto ule, mdogo akishajibiwa na mkubwa, neno limekwisha.

Anayeujua Ruaha Mkuu wa zamani hatamlaumu sana Bibi Kiboko. Huo haukuwa mto wa msimu. Uliyakusanya maji ya milima ya Uporoto na Kipengere kupitia vijito na mito mingi, Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na mingineyo, ukayashusha kwenye tambarare ya Usangu. Ihefu ikayapokea. Masika ilivimba, kiangazi ikayaachia polepole, kama mama anayegawa unga akihesabu siku zilizobaki hadi mavuno. Hata mwezi wa Oktoba, mibuyu ikiwa haina jani na swala wamebaki mbavu, mto ulikuwa unatembea. Ulikata Hifadhi ya Ruaha, ukaingia bwawa la Mtera, ukashuka Kidatu kuzungusha mitambo, kisha ukajiunga na maji ya Rufiji na kuishia Bahari ya Hindi. Viboko walizaliwa, wakazeeka, wakafa, bila hata mmoja wao kuuona mchanga wa katikati ya mto. Mnyama ambaye hajawahi kuona kitanda cha mto wake hawezi kuogopa kwamba siku moja atakiona.

Sasa tupande juu, kwa sababu hekaya hii ikisimuliwa kutoka chini peke yake inakuwa uongo.

Kule Usangu aliishi Ndezi na mkewe na watoto saba. Ardhi yake ilikuwa ya mfinyanzi mweusi, ya kunata masika na kupasuka kiangazi, na ilipenda zao moja kuliko yote: mpunga. Ndezi akachimba mfereji mwembamba kutoka mtoni. Mdomoni pake akaweka banio la miti, majani na udongo, kama alivyofundishwa na babu yake. Banio la namna hiyo huvuja. Maji mengine huingia mferejini, mengine hupenya katikati ya vijiti na kuendelea na safari. Ndezi aliudhika na kule kuvuja, akakuita uzembe wa vijiti. Lakini kule kuvuja ndiko kulikokuwa fungu la walio chini, ingawa hakuna aliyewahi kukutaja kwa jina hilo, wala juu wala chini.

Mpunga ulikubali. Shemeji yake Ndezi akaona majaruba yamejaa, akaja na jembe. Akaja binamu. Akaja rafiki wa binamu. Huko juu zaidi, kwenye mabonde ya baridi, wengine wakalima vinyungu vyao vya mboga na mahindi pembezoni mwa chemchemi. Akaja pia Nyati, ambaye halimi jaruba moja. Yeye analima upeo wa macho. Banio la Nyati lilikuwa la zege, lenye lango la chuma, na halikuvuja hata tone. Wote waliokwenda kulitazama walilisifu, na waliporudi makwao wakaomba nao wajengewe la zege. Wakajengewa. Kila banio jipya lilipozinduliwa palichinjwa na palichezwa ngoma, na kila mara uzi mwingine ulikatika katika ile kamba aliyoihesabu Kambare.

Kisha akaja Nyegere na kitabu cha stakabadhi. Alikuwa amefikiri vizuri, nami nasema hivyo kwa dhati: aliona wachotaji wamekuwa wengi, akasema kila mmoja alipie kibali ili achote kwa adabu. Zamani Ndezi alipochota kupita kiasi alikuwa anaona haya mbele ya jirani wa chini. Akikutana naye njiani alijieleza, akaahidi kupunguza kesho, na mara nyingi alipunguza. Alipolipa, haya ilimtoka. "Nimelipia," alisema, akanyoosha karatasi. Na karatasi ile iliandika kiasi kilekile cha maji kwa mwaka mzima, ilhali mto wa Machi na mto wa Oktoba haujawahi kuwa mto mmoja.

Mavuno yalipopita, mwezi wa tano na wa sita, majaruba yalikaa na mabua matupu. Ungetarajia mabanio yafungwe. Hayakufungwa. Maji yaliendelea kuingia mferejini, yakatanda mashambani pasipo na mche, jua likayanywa. Sababu yake nitaieleza mbele, kwa maana hata wanyama wa chini waliijua wakiwa wamekwisha kutenda ubaya wasioweza kuurudisha.

Mwaka 1993, kiangazi kikiwa kimekolea, Bibi Kiboko aliamka alfajiri na mgongo wake ulikuwa mkavu. Alidhani amelala vibaya. Akajisogeza kuelekea kilindini, tumbo likakwaruza mchanga. Akatazama juu ya mto, akatazama chini: mchanga mweupe, mpana, umelala kimya, na hapa na pale dimbwi la kijani likitoa mapovu. Mjukuu wake mdogo akamuuliza mto umekwenda wapi. Bibi hakuwa na jibu. Ndipo kwa mara ya kwanza akamkumbuka Kambare, lakini Kambare alikuwa amejichimbia chini ya tope na hakuna aliyejua ni tope gani.

Simba akapiga mbiu. Wanyama wakakusanyika chini ya mbuyu, na Simba akafungua baraza kwa kusema kwamba msiba huu umekuja ghafla. Wote wakaitikia: ghafla. Neno lile liliwapa faraja. Lililokuja ghafla halina aliyelilea.

Nimewahi kusikia watu wakieleza njaa, mafuriko na ugonjwa kwa neno hilohilo, na kila mara najiuliza ni nani kati yao aliyekuwa na ndevu za kambare na hakuulizwa.

Baraza lile liliendelea siku tisa. Huku likiendelea, kila mnyama alikuwa ameanza kuishi na shida kwa namna yake. Mamba alijitwalia dimbwi lenye kina kuliko yote, akasema ni urithi wa ukoo, na ukimuuliza mpaka unaishia wapi alifungua kinywa ukauona. Tembo alikwenda kwenye mchanga, akanusa, akachimba kwa mguu na mkonga hadi akakuta maji safi ya baridi. Jamaa yake wakanywa wakashiba. Walipoondoka, swala na pundamilia na ngiri wakaja kulamba kilichobaki kwenye shimo. Nyani akaona msururu ule, akaanza kuupanga: anayetaka kutangulia atoe tunda. Wiki ya pili anayetaka hata kusimama alitakiwa kutoa tunda. Waliokuwa na matunda walikunywa.

Na Fisi? Mwaka ule Fisi hakuwinda. Alizunguka madimbwi asubuhi na jioni, na chakula alikikuta kimelala. Manyoya yake yaling'aa. Alihudhuria baraza kila siku, akaketi mbele, akawa msemaji hodari wa uchungu wa wengine. Shida ikidumu, siku zote kuna anayeneemeka nayo, na mara nyingi ndiye anayepewa nafasi ya kuongea kwanza.

Mvua zikanyesha, mto ukarudi, baraza likavunjika bila uamuzi. Mwaka uliofuata mto ukakauka tena. Na uliofuata. Ukawa mtindo: kiangazi baraza, masika usahaulifu. Viboko walikuwa wakibanana katika dimbwi moja, ngozi kwa ngozi, maji yamegeuka uji wa kinyesi, na madume yakiumana kwa sababu hakuna pa kugeukia. Habari zikashuka kutoka kwa wanadamu kwamba mwaka 2001 Waziri Mkuu wao, Frederick Sumaye, alikuwa ametangaza kuwa ifikapo 2010 Ruaha utatiririka tena mwaka mzima. Wanyama walifurahi. Ahadi yenye tarehe ni tamu. Bibi Kiboko alikuwa akiwahesabia wajukuu miaka kwa mikwaruzo kwenye gogo.

Mwaka 2006 ulikuwa mbaya kuliko iliyotangulia. Ukame ulishika nchi, Mtera ikashuka, na mitambo ya Kidatu yenye uwezo wa megawati 204 pamoja na ile ya Mtera ya megawati 80 ikakosa cha kuizungusha. Mbali kule Dar es Salaam taa zikazimwa kwa zamu. Shida ya kiboko ilikuwa imefika kwenye jokofu la mkubwa, na sasa alitakiwa mkosaji, na alitakiwa upesi. Fisi akasimama.

"Waheshimiwa, mimi sipendi kumtaja mtu. Lakini kabla ya mgeni kuja, mto ulikauka lini?"

Kila mmoja alijua mgeni ni nani. Ng'ombe alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Usukumani, miaka mingi nyuma, malisho ya kwao yalipojaa mashamba na kwato. Alifika Usangu asubuhi moja, mwembamba, na ndama ubavuni, akawaamkia aliowakuta: "Mwangaluka." Hakuna aliyeijua salamu ile, na hakuna aliyetaka kuijua. Alikaa pembezoni mwa Ihefu, akala nyasi, akanywa maji, akaongezeka. Si kwamba hakunywa. Alikunywa, tena kundi lake lilipokuwa kubwa lilikanyaga matete na kuumiza kinamasi. Hilo lilistahili kusemwa na kupimwa. Lakini kikombe cha Ng'ombe hakikupimwa, kama ambavyo mfereji wa Nyati haukupimwa. Kilichotazamwa ni kwamba Ng'ombe ni mkubwa, anaonekana kutoka mbali, na hana shangazi hata mmoja katika baraza.

"Nikiondoka," aliuliza Ng'ombe, "mto usiporudi, mtaniita?"

Hakujibiwa. Swali lake halikuandikwa.

Hapa hekaya inagusa yaliyotukia kweli, nami sitaki kuyapita kwa mafumbo. Kati ya 2006 na 2007 wafugaji wa Usangu, Wasukuma, Wamasai, Wabarbaig na wengine, waliamriwa kuondoka na mifugo yao. Wengi walielekezwa mkoa wa Lindi, mamia ya kilomita kutoka hapo. Mifugo ilikufa njiani kwa wingi, na familia zilizokuwa na mali zikabaki na fimbo. Mwaka 2008 eneo la Ihefu liliunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, ambayo ikapanuka kupita kilomita za mraba 20,000. Waliotoa amri waliamini wanaokoa mto. Lakini watafiti walikuwa wamekwisha kuupima mto ule miaka kadhaa kabla, wakaandika kwamba maji ya kiangazi yanapotelea zaidi kwenye mifereji inayoachwa wazi kuliko kwenye koo za ng'ombe. Waliupima kwa lita na sekunde. Maandishi yao yalikuwa mezani. Kwangu mimi hilo ndilo linalouma kuliko ukame wenyewe.

Siku Ng'ombe alipoondolewa, vumbi lilipanda likaziba jua. Wanyama wa chini walisimama kwenye ukingo kutazama, wengine wakipiga vigelegele. Fisi hakupiga kigelegele. Alikuwa amekwisha kutangulia njiani.

Kiangazi kilichofuata kilikuja. Bibi Kiboko aliamka alfajiri, mgongo wake mkavu.

Hakuna aliyepiga mbiu mwaka ule. Wanyama walipitana wakitazama chini. Ni vigumu kukutana na mwenzako baada ya kumfukuza mtu pamoja naye bila faida. Mwaka 2010 nao ukafika, mkwaruzo wa mwisho kwenye gogo, na mto ulikuwa mchanga. Mjukuu wa Bibi Kiboko, ambaye sasa alikuwa kijana mwenye makovu, alilisukuma gogo lile likaviringika hadi katikati ya mto mkavu na kukaa hapo.

"Bibi," alisema, "tangu nizaliwe tunazungumza kuhusu huko juu. Nani kati yetu amewahi kufika?"

Kiboko hutembea usiku. Ana miguu mifupi na ngozi isiyovumilia jua, kwa hiyo Bibi Kiboko alitembea usiku na kujificha mchana kwenye vidimbwi vya matope, umri ule, kwa siku nyingi, akifuata mchanga kuelekea juu. Njiani alijiandalia maneno makali. Alipovuka Ng'iriama akayakuta maji, mengi kuliko alivyotarajia, yakiwa yamesimama mashambani bila kazi. Hasira ikampanda kooni. Na pale ukingoni mwa mfereji, kabla ya jua, akamkuta mke wa Ndezi ameinama na chungu.

"Ninyi ndio mnaotukausha," alisema Bibi Kiboko.

Mama yule alitetemeka, lakini hakukimbia. Aliweka chungu chini, akapiga goti.

"Shikamoo, bibi. Nani nimemkausha?"

"Mpunga mlikwisha kuvuna. Banio liko wazi la nini?"

"La hiki chungu, bibi." Akakinyanyua aone. "Kijiji kizima hatuna kisima. Nikifunga mfereji, mto uko mwendo wa nusu siku, na wanangu wako saba. Tunaacha banio wazi ili chungu kijae. Na haya maji yenyewe yanatuumiza matumbo. Mtoto wangu wa mwisho ana siku ya tatu anaharisha."

Bibi Kiboko alitazama mfereji, ambao sasa ulikuwa mpana wa kuogelea ndama, unaomwaga maji mchana na usiku kwenye mabua makavu ili mwanamke mmoja na majirani zake wajaze vyungu. Akatazama chungu. Maneno makali aliyoyabeba njia nzima hayakuwa na pa kukaa. Akaomba kumwona mtoto.

Alirudi kwake na habari ambayo hakuna aliyeitaka. Simba alishauri Fisi atumwe pamoja na jeshi akayafunge mabanio kwa nguvu. Fisi akainua mkono kukubali kabla sentensi haijaisha. Bibi Kiboko akasema hapana. Alikuwa mzee, amechoka, na sauti yake ilijaza bonde. "Tulimtoa mmoja na hatukuuliza. Hawa nimewauliza." Akamgeukia Tembo.

"Mwanangu, wewe unajua kuchimba."

"Huchimba kwa ajili ya wanangu, bibi."

"Na hao wanaokunywa nyuma yako kila kiangazi?"

Tembo hakuwa amewahi kugeuka nyuma kutazama. Alikaa kimya, mkonga ukichezea mchanga. Kisha akasema atakwenda, lakini ardhi ya huko ni mfinyanzi, si mchanga, na peke yake hataweza. Atahitaji Ngiri na Muhanga. Muhanga alistaajabu kusikia jina lake barazani. Hakuna aliyewahi kumhitaji mchana.

Wakachimba visima, kimoja, viwili, vitano, kila kijiji chake. Kazi ile ilichukua misimu miwili, na sitaisimulia yote. Ilikuwa ya udongo na jasho na kuporomoka kwa kuta na kuanza tena. Lakini siku mke wa Ndezi alipovuta chungu cha kwanza cha maji meupe, alikwenda mwenyewe kwenye banio la mumewe, akalifunga kwa mikono yake.

Nyati hakufunga. Alikuwa na kibali, alikuwa amelipia, na zaidi ya hayo alitaka kuotesha vitalu vyake mapema, mwezi wa Oktoba, ili mchele wake uwahi sokoni wakati bei iko juu. Majirani kadhaa wakamfuata. Ndipo Tumbili, ambaye siku zote hizo alikuwa akichukuliwa kama mchekeshaji tu, akalaza gogo la mteremko, akalichonga njia ndefu katikati na matundu ubavuni, moja kwa kila mfereji. Akachuma tunguja, kapu zima, za kijani na za njano. Akasema: hizi ni maji. Zikishuka, kila mmoja achote kwa kijiti chake.

Mchezo huu upo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulichezwa kule Usangu kwa ubao na gololi, wakulima wa juu na wa chini wameuzunguka ubao mmoja, wakichota na kubishana hadi gololi za mwisho. Nautaja kwa sababu ni moja ya mambo ya busara niliyopata kuyajua katika habari nzima ya mto huu. Hakuna aliyehubiriwa. Kila mmoja aliona kwa vidole vyake.

Mzunguko wa kwanza walio juu walichota, na aliyekaa mwisho, Bibi Kiboko, hakupata hata tunguja moja. Walio juu walicheka kidogo, kwa aibu. Mzunguko wa pili Tumbili akasema wabadilishane nafasi. Ndezi akaja katikati. Bibi Kiboko akapanda juu. Nyati akawekwa mkiani mwa gogo. Tunguja zikamwagwa. Nyati aliziona zikishuka, akaziona zikipungua kila zinapopita tundu, na moja ya mwisho, ya kijani, ikabingirika hadi mbele ya kijiti cha jirani yake, ikapotea. Akakaa akiangalia njia tupu. Akasimama, akapiga kwato, akasema mchezo una hila. Akaambiwa amwage mwenyewe. Akamwaga. Hakupata. Akamwaga tena.

Walikaa kwenye gogo lile hadi giza. Kufika usiku walikuwa wamekwisha kuzungumza mambo ambayo miaka 20 ya mabaraza haikuyagusa: nani achote mchana na nani usiku, banio lipi liachiwe pengo chini ili sehemu ipite siku zote, vitalu visubiri hadi lini. Waliyakubali kwa mdomo. Nyati alikubali nusu: lango lake litafungwa usiku tu. Vinyungu vya milimani havikuwa na mjumbe siku ile, na mpaka leo hilo ni deni.

Kiangazi kilichofuata Kambare alikuwa chini ya tope la dimbwi la tatu kutoka Ng'iriama, pumzi zake zikiwa chache, pale ndevu zake zilipocheza. Alidhani ni homa. Zikacheza tena. Akapanda, akatoboa ganda la tope kwa kichwa, na mbele yake, kwenye giza, alimwona Bibi Kiboko amekaa. Alikuwa akizunguka kitandani mwa mto kila usiku, dimbwi hadi dimbwi, akimtafuta.

"Mjukuu wangu," alisema Bibi, "unasikia nini?"

Kambare alinyamaza kwanza. Hakuwahi kuulizwa.

"Uzi mmoja, bibi. Mwembamba. Uko juu ya mwamba sasa hivi, unashuka."

Wakasubiri. Karibu na alfajiri ulimi wa maji ulikuja ukilamba mchanga, ukisukuma majani makavu na povu, ukainama kwenye kila shimo la mguu kabla ya kuendelea. Uliingia dimbwi la tatu ukaishia hapo. Chini ya hapo, hadi Mtera, mchanga ulibaki mchanga mwaka ule. Viboko wa dimbwi la nne walipanda kwa miguu kuja kuutazama.

Wanyama walipoanza kukusanyika, wakigusa maji kwa pua na kurudi nyuma kama wasioamini, kundi la kwelea lilikuwa linajiandaa kuondoka kufuata mbegu za nyasi upande wa kusini. Bibi Kiboko akamwita mmoja.

"Mtafika Lindi?"

"Wengine wetu hufika, bibi."

"Mtafuteni Ng'ombe."

"Tumwambie mto umerudi?"

Bibi aliangalia ule ulimi mfupi wa maji, na mchanga mrefu uliobaki.

"Usianze na hilo. Mwamkie kwanza. Mwambie 'mwangaluka', halafu usubiri kama atakujibu."